Fundi Anajibu: AC imekufa, mkanda ufanyweje?

Barua za safari hii karibu zote zina jambo moja ndani yake: kifaa kimekufa mbele ya injini, mwenye gari anataka kiondoke, na anauliza mkanda utapita wapi. Tumezijibu pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa mwingine.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Hiace yenye injini ya 3L, inafanya kazi kati ya Masasi na Newala. AC haijawahi kufanya kazi tangu niinunue, na pampu ya pawa stelingi inavuja. Fundi wangu anasema tung'oe vyote viwili tubaki na feni belti peke yake, gari litakuwa jepesi na litakula mafuta kidogo. Nikubali? (Mwenye Hiace, Masasi)

JIBU: Kubali nusu. AC iondoke ukitaka, lakini stelingi itengenezwe.

Tuanze na hilo la mafuta, maana ndilo linalowashawishi wengi. Puli ya kompresa ya AC ina klachi ya umeme. AC ikiwa imezimwa, puli inazunguka juu ya beringi yake bure, kompresa yenyewe imesimama. Mzigo wake kwa injini wakati huo ni mdogo mno, hutauona kwenye risiti ya sheli. Faida halisi ya kuing'oa ni nafasi ya kufanyia kazi, uzito wa kilo kadhaa, hewa zaidi kwenye rejeta ukitoa na kondensa iliyo mbele yake, na beringi moja kidogo ya kukuharibikia njiani.

Pampu ya stelingi ni habari nyingine kabisa. Haina klachi. Injini ikiwaka nayo inazunguka, na ikiishiwa oili inajisaga hadi inakwama. Kwa hiyo usiendelee kutembea na pampu kavu huku mkanda wake umefungwa. Ukikwama safarini, toa mkanda wa stelingi peke yake, endesha pole pole usukani ukiwa mzito, ufike gereji. Kwenye 3L mkanda huo huwa wa peke yake, hivyo kuutoa hakugusi feni wala altaneta. Hakikisha kwa macho kabla ya kukata chochote.

Kwa nini tunasema stelingi itengenezwe? Reki au boksi la pawa stelingi bila pampu si sawa na stelingi ya kawaida ya gari lisilo na pawa. Meno yake yamepangwa kwa mizunguko michache ya usukani, kwa hiyo unasukuma uzito wote kwa mikono, tena na oili iliyobaki ndani inakupinga. Gari limejaa abiria, linapanda uwanda wa Makonde kuelekea Newala, kona zinafuatana: hapo si mahali pa kujaribia. Mara nyingi kinachovuja ni hosi ya presha au sili ya shafti ya pampu, na vyote viwili ni vya bei nafuu kuliko kubadilisha mfumo mzima. Ukiamua kweli kuondoa pawa, tafuta boksi au reki kamili ya gari la aina hiyohiyo lililotoka kiwandani bila pawa. Kuunganisha zile njia mbili za reki kwa hosi moja, oili ya stelingi (ATF) ikiachwa ndani ili sili zisikauke, ni dawa ya gari la shambani. Kuziziba kwa vifuniko ni kosa kabisa, kwa sababu oili inakosa pa kwenda na usukani unazidi kuwa mzito.

Sasa AC. Gesi itolewe kwa mashine ya fundi wa AC, isiachiwe hewani kwa kulegeza nati. Ikikurukia mkononi inagandisha ngozi, na R134a, gesi ya AC za magari mengi, ni miongoni mwa gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza kwenye makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016. Midomo ya paipu izibwe siku hiyohiyo, kwa sababu oili ya AC inanyonya unyevu. Toa kompresa, bracketi yake, mkanda wake na ile puli ndogo ya kukazia. Mfereji wa mkanda wa AC kwenye puli ya krenki (shafti kuu ya injini) utabaki mtupu, uache hivyo. Kuna mafundi wanaokwenda kuuchonga kwa leth (mashine ya kuchonga vyuma) ili puli iwe nyepesi. Puli nyingi za krenki zina tabaka la raba ndani linalotuliza mtetemo wa krenki, na ukiichezea unaharibu kitu ambacho hakikuwa na tatizo.

Angalia bolti. Ile iliyokuwa inapita kwenye bracketi nene, ukiirudisha peke yake kwenye tundu lilelile, inagota mwisho kabla kichwa hakijakaza. Fundi anaendelea kuvuta spana, nyuzi zinakatika au bloku inapasuka. Tafuta bolti fupi yenye nyuzi zilezile, au tia washa nene kufidia unene wa bracketi.

Jambo la mwisho kwako ndilo zito kuliko yote. Dizeli haina vakyumu (mvuto wa hewa) kwenye manifoldi kama petroli, na kwenye injini nyingi za 2L, 3L na 5L, vakyumu ya busta, kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki, inatengenezwa na pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya altaneta. Feni belti ikikatika unapoteza chaji, unapoteza mzunguko wa maji, na baada ya kukanyaga breki mara chache unapoteza msaada wa busta. Taa ya betri ikiwaka kwenye mteremko, simama kabla hujatafuta sababu. Na ndani ya gari kuwe na feni belti ya akiba pamoja na spana namba 12 na 14.

SWALI: Nina Probox ya injini ya 1NZ. Kompresa ya AC imekwama na fundi anataka niiondoe na kuweka mkanda mfupi. Duka la spea wananiuliza namba, sina. Nitaijuaje? (Dereva wa teksi, Mtwara Mjini)

JIBU: Kabla ya namba, tuhakikishe kama kuna haja. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, legeza altaneta, toa mkanda, zungusha puli ya kompresa kwa mkono. Utaona vitu viwili: puli yenyewe, na sahani ya mbele yake ambayo inashikana na shafti ya kompresa. Sahani ikiwa haizunguki hata ukilazimisha, kompresa imekwama. Lakini puli ikiwa inazunguka laini bila kelele na bila kuyumba, huna sababu ya kubadilisha mkanda. Chomoa soketi ya waya wa klachi, ifunge kwa tepu isiingie maji, rudisha mkanda uleule. Kompresa iliyokufa inabaki pale kama puli ya kupitishia mkanda, na gari linatembea.

Puli ikiwa inakwaruza au inacheza, kilichokufa ni beringi. Inatolewa kwa kufungua bolti ya katikati, sahani, kisha klipu ya duara. Namba yake imeandikwa pembeni ya beringi. Nenda nayo dukani, usiende na jina la gari tu, maana gari moja lilifungwa kompresa za aina tofauti. Ukirudisha, nafasi kati ya sahani na puli kwa kawaida iwe kama mm 0.35 hadi 0.65. Inarekebishwa kwa washa nyembamba zilizo chini ya sahani, kwa hiyo usizipoteze.

Haya hayahusu magari ya karibuni ambayo kompresa zake hazina klachi. Hizo zinazunguka muda wote, na ikikwama hakuna njia ya mkato.

Tuseme umeamua kuing'oa. Ujue kwamba kila puli ina kazi mbili: ya kifaa chake, na ya kuuelekeza mkanda. Ukitoa moja, mkanda unabadilisha pembe kwenye zilizobaki. Chora njia ya sasa kwenye karatasi, halafu chora mpya, na uangalie mambo matatu.

La kwanza ni upande. Mkanda wa mistari unaendesha puli zenye mifereji kwa tumbo lake, na puli laini kwa mgongo wake. Puli inayoguswa na mgongo inazunguka kinyume cha krenki. Ukipanga njia mpya ambayo pampu ya maji iliyokuwa inaendeshwa na mgongo sasa inaendeshwa na tumbo, au kinyume chake, itazunguka kinyumenyume. Maji yatasogea kidogo tu, na gari litachemka huku kila kitu kinaonekana kizima. Altaneta ikigeuzwa itachaji, lakini feni yake imekatwa kwa upande mmoja, itaungua kwa joto. Ile ya dizeli yenye pampu ya vakyumu haitatoa vakyumu.

La pili ni jinsi mkanda unavyokumbatia puli. Altaneta ina puli ndogo na mzigo mkubwa. Mkanda uizunguke angalau theluthi moja ya duara, yaani digrii 120. Ukigusa kidogo tu, utateleza kila ukiwasha taa na feni ya rejeta, hata ukaze namna gani. Ukiona njia mpya inaacha altaneta ikiguswa juu juu, weka aidola (puli ya kupitishia mkanda tu) mahali pa kompresa, kwenye bracketi ileile. Puli laini kama inagusa mgongo, ya mifereji kama inagusa tumbo. Aidola nyingi zinatumia beringi ya 6203, yenye milimita 17 ndani, 40 nje na unene wa 12, ambayo inapatikana hadi kwenye maduka ya spea za mashine za kusaga.

La tatu ni mstari. Weka rula ya chuma kwenye uso wa puli mbili. Kwa mkanda wa mistari, kupishana kusizidi kama mm 1.5 kwa kila sentimita 30 za umbali. Zaidi ya hapo mkanda unakula ukingo mmoja, unatoa nyuzi pembeni, halafu siku moja unaruka mfereji.

Namba sasa. Mkanda ulioandikwa 5PK1100 una mistari mitano na urefu wa mm 1,100. Wa V ulioandikwa AVX13x1000 una upana wa mm 13 juu na urefu wa mm 1,000. Wengi wanapima kwa kamba, na kamba inadanganya kwa sababu haikai kwenye kina cha mfereji kama mkanda. Njia iliyo bora ni kutumia mkanda wako wa zamani. Ulikuwa unapita puli nyingi zaidi, kwa hiyo sasa ni mrefu kupita kiasi. Isome namba yake kwanza, uiandike, kisha ukate mkanda kwa kisu mara moja, mraba. Sukuma altaneta ndani hadi mwisho, kisha irudishe nje kiasi cha robo hadi theluthi ya safari yake. Zungusha mkanda uliokatwa kwenye njia mpya, mistari ikae kwenye mifereji, mtu wa pili aushike usilegee. Ncha moja itapita juu ya nyingine. Weka alama kwa chaki pale zinapokutana, pima kipande kilichozidi, ukitoe kwenye namba ya mkanda. Kama mkanda ulikuwa 1,275 na kipande kilichozidi ni mm 170, unatafuta 1,105. Dukani ukikosa 1,105, chukua 1,100 au 1,110; altaneta itafidia.

Usipime altaneta ikiwa ndani kabisa, kwani mkanda mpya hautavuka mdomo wa puli na fundi ataanza kuulazimisha kwa bisibisi, jambo linalokata nyuzi za ndani zisizoonekana. Usipime ikiwa nje kabisa pia, maana ukilegea kidogo huna pa kukazia.

Kwa gari la teksi lenye puli nzima, tungechomoa waya wa klachi na kuishia hapo.

SWALI: Fundi amenitolea pampu ya stelingi kwenye Corolla ya zamani ya petroli, injini 5A. Tangu hapo sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iko juu sana na injini inavuma kama inavuta hewa. Mkanda hauna kelele. (Mama mwenye gari, Lindi)

JIBU: Mama, mkanda hauhusiki. Kwenye pampu za stelingi za petroli nyingi za Toyota kuna vali ndogo yenye hosi mbili nyembamba za raba. Kazi yake ni kuongeza hewa kidogo ukikunja usukani gari likiwa limesimama, injini isizimike. Pampu ilipotoka, hosi zikabaki wazi. Mwambie fundi azifuate hadi zinapoanzia kwenye manifoldi na kwenye njia ya hewa, azitoe, na azibe vichomozi vyote viwili kwa vifuniko vya raba na klipu. Kukunja hosi na kuifunga kwa waya kunashika siku mbili tatu tu. Raba ikipata joto inafunguka. Ikiwa na AC imetolewa, aangalie pia hosi za vakyumu zinazopandisha sailensi AC ikiwaka.

SWALI: Coaster yangu ya 1HZ ina feni belti mbili sambamba. Moja imekatika, fundi anasema moja inatosha maana gari halina AC. (Mtwara)

JIBU: Haitoshi. Mikanda ile miwili haikuwekwa kwa ajili ya AC. AC ina mkanda wake. Inagawana mzigo wa feni kubwa, pampu ya maji na altaneta, na ukiacha mmoja utateleza kwenye mlima, mahali ambapo maji yanahitaji kuzunguka zaidi. Ukitaka ushike itabidi uukaze kupita kiasi, na hapo unaua beringi za altaneta na pampu ya maji.

Nunua jozi, kampuni moja, namba moja, ikiwezekana toleo moja. Mkanda mpya pamoja na wa zamani haufai: wa zamani umeshanyooka, kwa hiyo mpya unabeba mzigo wote peke yake.

SWALI: Tumenunua injini ya 3L iliyotoka kwenye Hilux tuitumie kuendesha pampu ya maji ya bustani bonde la Lukuledi. Tunataka kubaki na vitu vichache iwezekanavyo mbele ya injini. Tutoe nini na tubakishe nini? (Kikundi cha wakulima)

JIBU: Hii ndiyo injini inayoweza kuvuliwa vingi bila majuto. Stelingi, AC na bracketi zake zote zitoke. Vinavyobaki ni krenki, feni na pampu ya maji, na kitu cha kukazia mkanda.

Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kwenye 3L hakuna tenshena, yaani puli ya kukazia mkanda wa feni. Altaneta ndiyo inayokaza mkanda wa feni. Ukiitoa kwa kuwa hamna haja ya taa, hamtakuwa na njia ya kukaza mkanda wa pampu ya maji. Ushauri wetu ni altaneta ibaki, ila ile yenye pampu ya vakyumu nyuma ibadilishwe na isiyo nayo, kwa kuwa hapo hakuna breki. Angalieni sana njia ya oili: pampu ya vakyumu inalishwa oili ya injini kwa paipu ndogo na kuirudisha kwa hosi kubwa zaidi. Paipu ya kulisha ikiachwa wazi, oili yote inamwagika chini na injini inajifunga. Ziba kwa plagi ya chuma yenye nyuzi zake na washa ya shaba. Plagi ya raba haihimili presha.

Kama altaneta imekufa na hamtaki kununua, wekeni aidola kwenye mkono uleule wa altaneta ili iweze kusogezwa na kukazwa. Betri basi ichajiwe na paneli ya jua. Mtaihitaji betri si kwa stata peke yake: soleno (vali ya umeme) ya kukata dizeli kwenye pampu ya nozeli inahitaji umeme muda wote injini inapofanya kazi. Waya wake upitie fyuzi, na upitishwe pia kwenye swichi ya joto la maji, ili injini ijizime yenyewe ikichemka mtu akiwa mbali kwenye matuta.

Feni msiitoe kwa kisingizio kwamba hakuna kiyoyozi. Gari linapotembea upepo unaisaidia rejeta. Injini iliyosimama chini ya kibanda haina msaada mwingine zaidi ya feni, kwa hiyo na ile kava ya plastiki inayoizunguka ibaki. Pampu ya maji ya bustani iunganishwe upande wa flaiwili, kwa klachi au kaplingi. Kuichukulia nguvu kwenye puli ya mbele kunavuta krenki upande mmoja, jambo ambalo metali za mbele (beringi za krenki) hazikutengenezewa.

Na mbele ya mkanda wekeni wavu wa chuma. Kwenye gari kuna boneti. Shambani kuna watoto, kanga na mikono mirefu ya mashati.

SWALI: Mkanda mpya wiki moja, unalia kila asubuhi. Nimepaka sabuni ya kipande, unanyamaza halafu unarudia. (Mikindani)

JIBU: Acha sabuni. Inashika vumbi na kuwa kama msasa. Grisi na oili ndiyo mbaya zaidi.

Mkanda mpya unanyooka dakika chache za mwanzo. Kwenye vitabu vya Toyota, mkanda uliozunguka dakika 5 unahesabiwa kuwa uliotumika. Kwa hiyo ukishafunga mpya, washa injini dakika 5 hadi 10, zima, kisha kaza tena. Kwa mkanda wa V, bonyeza katikati ya sehemu ndefu kwa nguvu ya kama kilo 10: kwenye umbali wa sentimita 30 ushuke kama milimita 10, mpya kidogo pungufu.

Kwenu pwani kuna jingine. Gari likilala karibu na bahari, mifereji ya puli inapata kutu nyembamba ya chumvi, na kila asubuhi mkanda unaisaga. Pitisha kidole ndani ya mfereji: ukihisi ukwaruzo, toa mkanda, sugua kwa msasa namba 400, futa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kausha. Kwenye puli ya V, angalia pia chini ya mfereji. Mkanda mzima unashika kwa mbavu zake. Chini kukiwa kunang'aa, mkanda umeshuka hadi sakafuni na hauna cha kushikia. Puli imekwisha au mkanda ni mwembamba kuliko unaotakiwa.

Na kabla ya kuulaumu mkanda, zungusha altaneta kwa mkono bila mkanda. Huenda kelele ni ya beringi yake na mkanda unasingiziwa.